Kuzima mlio si kuponya diski

Leo sina stori ya mapenzi, wala ya wale wanaotamba mjini na magari ya kuazima. Leo nina stori ya sanduku. Tena sanduku dogo tu, jeusi, umbo lake kama redio ya zamani ya mzee, linalokaa chini ya meza katika studio moja ya picha pale Sinza ninapopigia deiwaka. Usigeuze ukurasa! Ndani ya sanduku lile kuna harusi za watu, na huenda na yako imo.

Ila kabla sijafika huko, niseme neno. Sisi watu wa mjini tuna ugonjwa mmoja. Kitu kikitulilia hatuulizi kinalilia nini, tunatafuta kitufe cha kukinyamazisha. Mita ya luku ikilia usiku, mtu anaibonyeza mpaka inyamaze, anajifunika shuka. Taa ya injini ikiwaka mbele ya dereva wa daladala, anaibandikia stika. Jino likiuma tunameza vidonge viwili, maumivu yakitulia tunatangaza kwamba limepona. Limepona wapi? Limenyamaza tu, linajipanga.

Kwa wasionijua, mimi nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya kawaida, na tangu hapo naishi kwa kalamu na kamera. Wikiendi nabeba stendi na waya kwenye maharusi ya watu, katikati ya wiki nakata na kuunga video. Mwenye studio tunamwita Mama Studio. Ni mama wa makamo, mkali kwenye hela lakini laini kwenye chakula. Kila picha na kila video iliyopigwa pale kwa miaka mitano iko ndani ya lile sanduku. Kitchen party, send-off, ubatizo, mahafali, misiba. Ukitaka kujua watu wa Sinza wamevaa nini tangu mwaka ule, uliza sanduku.

Sasa mwaka jana, baada ya Pasaka, si unajua Kwaresima ikiisha harusi zinavyofumuka kama uyoga? Nilikuwa Morogoro siku nne na harusi ya mteja. Narudi Jumanne asubuhi, nainama chini ya meza nichomeke waya, naona kasheshe. Lile sanduku lina taa nne, moja kwa kila diski iliyomo. Siku zote zinawaka kijani zote nne. Siku ile kijani tatu, nyekundu moja.

"Oya, hii taa imewaka lini?" nikamuuliza kijana wa mapokezi.

"Ah, hiyo? Lilikuwa linapiga kelele tangu Ijumaa, kaka. Pii, pii, pii! Wateja wa picha za pasipoti wakawa wanashtuka, wanatoka macho kodo. Nikatafuta kitufe, nikalizima."

"Ukamwambia Mama?"

"Nimwambie nini? Si linafanya kazi?"

Na kweli lilikuwa linafanya kazi. Nikafungua harusi ya mwezi uliopita, ikafunguka. Nikafungua mahafali ya miaka miwili nyuma, yakafunguka, watoto wanacheza kama kawaida. Kijana akanitazama kama vile nimemsingizia wizi.

Hapo ndipo penye mtego, msomaji wangu. Diski moja ilikuwa imeshakufa siku nne nzima na hakuna aliyelia.

Ngoja nikueleze taratibu, maana hata mimi nilielezwa. Diski ya kompyuta, ile ya kuzunguka, ni mashine. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma kinaelea juu ya sahani kwa nafasi nyembamba kuliko unywele wako mara nyingi. Diski ya kwanza ya namna hiyo ilitolewa na IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ina upana wa sentimita 61 hivi, na yote ile ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Leo picha moja ya simu yako inaweza isienee humo. Tangu siku hiyo diski zimekuwa ndogo na zimekuwa na akili, lakini jambo moja halijabadilika: kitu kinachozunguka usiku na mchana, siku moja kitachoka. Hakuna diski ya milele. Suala ni lini, na itakukuta umejipangaje.

Mwaka 1988, jamaa watatu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa andiko lililosema hivi: badala ya kununua diski moja kubwa ya bei mbaya, chukua diski nyingi za bei nafuu, zifunge pamoja zifanye kazi kama moja, na zipange kwa namna ambayo mmoja akifa wenzake wanaendelea. Wakaupa mpango huo herufi nne, RAID. Mafundi wetu wanatamka reidi. Ile herufi ya I mwanzoni ilisimama kwa neno la bei nafuu. Baadaye wenye biashara wakaigeuza ikawa ya kujitegemea. Si unajua mfanyabiashara hapendi neno rahisi likae kwenye bidhaa yake?

Reidi ziko za aina nyingi na zinaitwa kwa namba. Reidi 0 ni ya wenye haraka: inagawa kazi kwa diski zote, inakimbia kinoma, lakini moja ikifa mmeumia wote. Reidi 1 ni pacha: kila kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. Ya Mama Studio ni reidi 5, na hiyo ndiyo tamu kuieleza.

Chukua kamati ya harusi. Watu watatu wametoa michango: wa kwanza elfu 70, wa pili elfu 40, wa tatu elfu 90. Mhasibu yeye haandiki majina, anaandika jumla tu kwenye daftari lake: laki mbili. Sasa karatasi ya yule wa pili ikapotea. Tabu iko wapi? Unachukua laki mbili, unatoa 70, unatoa 90, unabaki na 40. Mchango umerudi bila mwenyewe kuulizwa! Reidi 5 inafanya hivyo hivyo. Kompyuta haijumlishi kwa elfu kama sisi, inaangalia zile moja zake kama ni shufwa au witiri, lakini akili ni ile ile. Na ili asilemewe mtu mmoja, uhasibu wanaufanya kwa zamu, kila diski inashika kipande cha jumla. Ndiyo maana sanduku la diski nne za terabaiti 4 kila moja linakupa terabaiti 12, si 16. Zile 4 zilizobaki ni daftari la mhasibu.

Sasa nikuulize. Zikipotea karatasi mbili? Una laki mbili mkononi, una mchango mmoja wa elfu 70. Ile laki na elfu 30 iliyobaki utamgawia nani ngapi? Huwezi kujua mpaka kiyama. Kwa kifupi, reidi 5 husamehe mara moja tu. Sisi pale studio tulikuwa tumeshasamehewa tangu Ijumaa, na hatukujua.

Mama Studio alipofika mchana nikamweleza. Akasikiliza, akafungua harusi mbili tatu kwenye kompyuta, akaona zinacheza.

"Mwanangu, hii wiki nina kazi tatu za kutoa. Tumalize ya Jumamosi kwanza, Jumatatu tutamwita fundi."

Sikumlaumu. Kitu kinachofanya kazi ni kigumu kukihurumia. Na fundi ni hela.

Lakini Mungu si Athumani. Saa tisa akaingia dada mmoja, amevaa nguo nyeusi, sura naikumbuka lakini jina limenitoka. Akasalimia, akakaa, akasema shida yake. Sisi ndio tuliompigia send-off miaka miwili nyuma. Mama yake mzazi amefariki mwezi wa tatu. Flashi yenye video ya ile send-off ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba umekwapuliwa stendi. Anataka ile sehemu mama yake anamuusia mbele za watu.

"Simu tulikuwa tunapigana kila siku, lakini nani anarekodi simu za mama yake?" akasema. "Sauti yake nyingine sina, mama. Ni ile tu."

Mama Studio akachungulia kwenye orodha. Ipo. Ipo ndani ya sanduku, na mahali pengine popote duniani haipo. Akamwambia yule dada aje Ijumaa. Alipotoka, Mama akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia bila kunitazama: "Mpigie fundi. Sasa hivi."

Fundi wetu ni mzee mmoja wa Ilala, mpole, alianza kushika kompyuta enzi za flopi. Alikuja jioni ile ile na begi lake la mgongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuna mtu amechomoa chochote?"

"Hapana."

"Kuna mtu amezima akawasha?"

"Hapana, mzee. Mlio tu ndio ulizimwa."

"Basi mna bahati. Msizime, msichomoe, na mtu asiweke kazi mpya humo."

Mimi nilidhani atatoa diski mpya kwenye begi, aichomeke, tukale. Wapi! Alichotoa ni diski ya nje, ya kuchomeka kwa waya. Akasema tunakopi kwanza. Mama akauliza kwa nini tusibadilishe ile mbovu moja kwa moja maana ndiyo tatizo. Mzee akajibu neno ambalo nimelibandika ukutani kwangu:

"Mama, nguzo moja ya nyumba ikivunjika, kwanza unatoa watoto nje. Halafu ndio unamwita seremala."

Akatueleza sababu. Ukishaweka diski mpya, sanduku linaanza kuijaza. Na ili liijaze, ni lazima lisome zile tatu zilizobaki mwanzo hadi mwisho, kila kona, hata zile ambazo hazijaguswa mwaka mzima. Hiyo ni kazi nzito kuliko zote wanazozifanya maishani. Na hao waliobaki ni akina nani? Ni waliozaliwa siku moja na marehemu, wamenunuliwa duka moja, wamezunguka saa zile zile, kwenye joto lile lile chini ya meza. Waliozeeka pamoja hawapishani sana kuondoka. Kwa hiyo saa ya kutengeneza ndiyo saa ya hatari kuliko zote. Diski ya pili ikikwama katikati, hesabu imekwisha.

Tukaanza na send-off ya yule dada. Halafu kazi zote ambazo wateja hawajachukua. Halafu misiba. Mzee alisema misiba ipite mbele ya harusi, maana harusi unaweza kuomba picha kwa mashemeji, lakini msibani hakuna mwenye moyo wa kupiga nyingine. Ilikwenda polepole, si mchezo. Kila kipande cha diski iliyokufa kinapotakiwa, sanduku linakaa chini kupiga hesabu ya kamati upya. Mpaka saa sita za usiku tulikuwa bado.

Jumatano tukaenda Kariakoo, mimi na mzee. Hapo nilipata somo jingine.

Duka la kwanza, diski inang'aa, imo kwenye pakiti, bei imepungua laki nzima. Mimi mikono inaniwasha. Mzee akaomba kuijaribu, akaichomeka kwenye laptopu yake. Kumbe kila diski inajiwekea daftari lake la afya ndani kwa ndani: imewaka saa ngapi, imekuta vipande vingapi vilivyooza. Ile ilikuwa imeandika saa zaidi ya elfu 27. Mwaka una saa 8,760. Piga hesabu mwenyewe. Miaka mitatu na ushee bila kulala.

"Mzee, hiyo ni orijino kabisa," muuzaji akajitetea.

"Orijino ndiyo," mzee akasema taratibu, "mpya siyo."

Tukiwa nje akanionya kwamba wajanja wengine hulifuta hata hilo daftari, kwa hiyo kinga kubwa ni risiti na garantii kutoka kwa mtu utakayemkuta kesho.

Duka la pili diski ilikuwa mpya kweli, terabaiti 4 kamili, bei nzuri. Mzee akasoma namba zake, akairudisha. Kuna diski ambazo mistari yake ya kuandikia imelaliana kama mabati ya paa. Hiyo inasaidia kubana vitu vingi mahali padogo, na kwa kuhifadhi picha zako za nyumbani haina neno. Lakini ukitaka kubadilisha bati la chini ni lazima uinue na ya juu yake. Ukiipa kazi ya kujazwa mfululizo ndani ya reidi, inaweza kuchukua siku nyingi, au sanduku likachoka kuisubiri na kuikataa. Tulitaka ile ambayo kila mstari una nafasi yake.

Duka la tatu tukaipata, laki nne na chenji, risiti juu. Na mzee akahakikisha haipungui ukubwa wa zile za zamani. Kubwa zaidi inakubalika, pungufu hata kidogo inagomewa.

Sasa tunarudi studio, na hapa ndipo nilipomwona mzee akitoka jasho. Programu ya sanduku ilisema mbovu ni diski namba 3. Namba 3 ipi? Unahesabu kutoka kushoto au kulia? Unaanza na 1 kama binadamu, au na 0 kama wanavyopenda watu wa kompyuta? Na hilo sanduku letu taa yake nyekundu iko pembeni, haiko kwenye diski yenyewe. Ukichomoa nzima ukaacha iliyokufa, umeua ya pili kwa mkono wako. Mzee alisimulia ofisi moja, hakuitaja, ambako mtu mwenye haraka alifanya hivyo hivyo, kazi za watu za miaka zikaenda na maji.

Kwa hiyo yeye hakuamini namba wala taa. Alifungua programu, akanakili kwenye karatasi siriali namba ya kila diski, zile herufi na tarakimu zilizobandikwa kwenye mgongo wake. Akanisomea, nikarudia kwa sauti, kama wanavyofanya wahudumu kabla ya kumpa mgonjwa sindano. Akaivuta ile aliyoidhania kidogo tu, akasubiri iache kuzunguka, akaitoa, akageuza mgongo. Namba zikalingana. Ndipo akapumua. Mama Studio naye akapumua, akaagiza soda.

Skrubu nne akatoa, skrubu nne akafunga, diski mpya ikaingia mahali pake. Sanduku lenyewe halikuzimwa, limetengenezwa hivyo, linapasuliwa likiwa macho. Taa ikaanza kupepesa. Kwenye skrini pakaandikwa ukarabati unaendelea, asilimia 0.

Najua unauliza itachukua muda gani. Hata mimi niliuliza. Terabaiti 4 kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde ni saa 11 na dakika zake, hapo kama hakuna anayelisumbua. Mama akapiga marufuku mtu yeyote kufungua video humo. Mimi nikajitolea kulala pale, kwenye lile kochi la dhahabu la kupigia picha maharusi. Nakwambia, kwa macho ni zuri, kwa mgongo ni adui.

Saa nane usiku umeme ukakatika. Moyo ukanipasuka! Feni imesimama, mtaa mzima giza, pale chini ya meza tu ndipo vitaa vinapepesa. Mzee alikuwa ametuambia sanduku lichomekwe kwenye ile betri ya kuegemea umeme ukikatika, peke yake, tusiichangishe na printa wala taa za studio. Betri yenyewe ni ya kuungaunga, ikilala chini nafikiri nayo itahitaji reidi. Ikaanza kulia, pii, pii. Safari hiyo hakuna aliyetafuta kitufe. Nilikaa sakafuni nikiisikiliza kama mgonjwa wangu. Dakika tisa. Umeme ukarudi. Asilimia 61.

Alhamisi asubuhi kijani nne.

Mama Studio akashangilia, akamwita kijana wa mapokezi aje aone. Akasema sasa tuko salama. Mzee wala hakucheka. Akaendesha ukaguzi wa sanduku zima, akasoma madaftari ya afya ya diski zile tatu za zamani, akamwonyesha Mama moja ambayo vipande vyake vilivyooza vilikuwa vimeanza kuongezeka. Bado inafanya kazi, taa yake kijani, lakini imeshaanza kukohoa. Hiyo tukaibadilisha mwezi uliofuata ikiwa hai, bila presha, bila mtu kulala kwenye kochi.

Halafu akasema lile ambalo Mama hakutaka kulisikia.

"Hili sanduku linawalinda na kifo cha diski. Haliwalindi na nyinyi wenyewe."

Maana yake ni nini? Ukifuta faili kwa bahati mbaya, reidi inalifuta kwa uaminifu mkubwa kwenye diski zote, kwa sekunde hiyo hiyo. Kirusi kikiingia, kinaingia kote. Mwizi akibeba sanduku, kabeba mpaka daftari la mhasibu. Moto je? Mafuriko je? Reidi si bakapu, ndugu zangu. Reidi ni ya kuendelea na kazi, bakapu ni ya kuanza upya.

Usidhani hayo yanawakuta wa Sinza tu. Mwaka 1998 kampuni ya katuni ya Pixar, kule Marekani, ilikuwa inatengeneza filamu ya Toy Story 2. Mtu akatoa amri moja kwenye kompyuta, mafaili ya filamu yakaanza kufutika mbele ya macho yao. Wakakimbilia bakapu, kumbe bakapu yenyewe ilikuwa haifanyi kazi sawasawa na hakuna aliyejua. Kilichowaokoa ni mama mmoja mfanyakazi wao, Galyn Susman, aliyekuwa na mtoto mchanga na hivyo alikuwa anafanyia kazi nyumbani. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala. Wakaifuata kwa gari, wakaifunga kwa mablanketi kama yai. Filamu ikatoka mwaka 1999. Mabosi wale wote, mitambo ile yote, wameokolewa na mzazi aliyekuwa nyumbani na kichanga!

Kuna kanuni ya wapiga picha iliyoenezwa na Mmarekani Peter Krogh, naye mpiga picha. Ni ya namba tatu: 3, 2, 1. Nakala 3 za kitu chako, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ikae mbali na hapo. Mama Studio alinung'unika, lakini akanunua diski mbili za nje. Moja inakaa kabatini, nyingine anaondoka nayo kwake Mbagala kila Jumapili, Jumapili inayofuata zinabadilishana zamu. Na kila mwanzo wa mwezi nachagua harusi moja kwenye ile ya Mbagala, naifungua na kuiangalia mpaka mwisho, maana bakapu usiyoijaribu ni tetesi tu.

Yule dada alikuja Ijumaa kama alivyoahidiwa. Hatukumwambia kitu, cha nini kumtisha mfiwa? Nikampa kompyuta na hedifoni, nikampelekea mpaka pale mama yake anaposimama, kitenge cha bluu, anashika maiki kwa mikono miwili kama mtu asiyeizoea. Anaanza kwa kukohoa, watu wanacheka, naye anacheka. Ile kohozi ya kuanzia mimi niliikata kwenye video aliyopewa zamani, ilikuwa kawaida ya kazi, tunasafisha. Safari hii nilimpa ile ghafi, haijakatwa kitu. Akaivua hedifoni, akaniuliza, "Kaka, hii ya kukohoa ilikuwepo?" Nikamwambia ilikuwepo. Akairudia mara tatu. Alipoondoka alibeba flashi mbili, na nikamshauri moja aiache kwa dada yake.

Sasa na wewe unayesoma hapo ulipo. Najua huna sanduku la diski nne. Una simu yenye picha elfu kadhaa, na kioo chake kina ufa tangu sikukuu. Inakuandikia kila siku kwamba nafasi imejaa, nawe kila siku unabonyeza "baadaye". Chukua Jumamosi moja. Picha za mama, sauti za baba, vyeti vyako, zitoe humo, weka mahali pawili, mahali pamoja pasiwe mfukoni mwako. Hela ya flashi haizidi ya kuku na chipsi za wawili.

Na kitu chochote kikikulilia, iwe ni simu, gari, jino au mwenzi wako, usikimbilie kitufe. Uliza kwanza kinalilia nini, maana wengine huwa wanalia mara moja tu.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.